Tutafikia kwa Nani Kisiwani

Kisiwa kiliingia nyumbani kwetu Majengo siku ya Jumapili, ndani ya telefone ya mjukuu wangu wa kwanza. Tulikuwa tumetoka misa, sombe ya majani ya muhogo iko bado juu ya makala, na muzee wangu alikuwa amevua viatu vya kanisa akivitazama kama watu waliomkosea.

"Koko," mjukuu akasema, maana babu na bibi sote anatuita hivyo, "mwezi unaokuja munatimiza miaka makumi tano ya ndoa. Sherehe tumekataa. Watu wanakula, wanasema nyama ilikuwa ngumu, wanaenda. Sisi wajukuu tumeungana, tumekata biye ya ndege. Munaenda Zanzibar, mjini kabisa. Siku sita. Nyinyi wawili tu."

Akatuonyesha foto. Kitanda kikubwa cha nguzo nne, chandarua nyeupe kama nguo ya bibi harusi. Juu ya shuka walikuwa wamemwaga maua mekundu, na katikati taulo mbili zimekunjwa zikawa bata wawili wanagusana midomo.

Muzee akatafuta miwani. Yeye ni seremala. Vitanda vingi vya mtaa huu alivipiga yeye, na masanduku ya wafu pia. Akatazama ile foto muda mrefu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Koko. Hicho njo kitanda chenu."

"Na maua?"

"Ni ya mapendo."

"Mimi maua naonaka juu ya kazi yangu kama imeisha kufungwa misumari."

Mjukuu hakukata tamaa. Ana kazi ya ofisi, amezoea wakubwa wagumu. Akatoa karatasi ya programu, akatusomea. Siku ya kwanza, kupumzika na kutembea vichochoro vya mji wa zamani, mkono kwa mkono. Siku ya pili, kukandwa na mafuta, wote wawili pamoja.

"Nani amevunjika?" muzee akauliza.

Kwetu anayekandwa ni yule aliyeteguka mguu, au mama aliyetoka kuzaa. Mutu mzima, mwenye afya, kulala chini akandwe, majirani wangesema amerogwa.

"Siku ya tatu," mjukuu akaendelea, "chakula cha mangaribi, kando ya bahari, meza ya watu wawili, na mishumaa."

"Umeme hawana?"

Mjukuu akacheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nimeacha kugeuza sombe. Meza ya watu wawili. Nilijaribu kuiona ile meza, upana wake, nikashindwa, maana tangu niolewe sijakaa kwenye meza ya namna hiyo.

Mujue hivi. Ile siku ya ndoa, shangazi yake alilala upande wa pili wa pazia, akikohoa ili tusisahau kwamba yupo. Akafuata mama mkwe, miaka saba. Wakafuata watoto, na wadogo zake wa Butembo waliokuja kusoma, na wageni wa soko, na watu waliokimbia volkano ambao walikuja kwa wiki moja wakatoka wakiwa na wajukuu. Muzee ni mutu wa maneno machache, na hayo machache anayagawa kwa nyumba nzima kama nyama ya Noeli. Mimi sehemu yangu ilikuwa, "Mama, chumvi." Nilitaka siku sita za kumsikia anasema na mimi tu. Hilo njo nilikuwa nataka, na mutu wa umri wangu halisemi kwa mdomo.

Muzee akavua miwani.

"Na tutafikia kwa nani?"

"Kwa otele, Koko."

"Otele ni mutu?"

Muzee akaeleza vizuri, pole pole, kama anaeleza mutoto namna ya kushika randa. Sisi tumesafiri, si watu wa kijinga. Butembo tulienda kuzika mama yake. Rutshuru tulienda kuoza mutoto. Nairobi tulienda kuzika mkwe, ndiyo maana tuna pasipoti. Tumekimbia vita, tumekimbia moto wa mlima, godoro kichwani. Lakini hata mwenye kukimbia anakimbilia kwa mutu. Kwenda fasi ambapo hakuna aliyekufa, hakuna aliyezaa, hakuna anayeoa, na kwenye mlango hakuna mutu wa kusema karibuni, hiyo si safari, ni kupotea.

"Munipatie mutu mumoja kule anajua jina ya baba yangu," akasema. "Mumoja tu. Nitaenda. Kama hakuna, ile kitanda walalie bata."

Mjukuu alitoka amevimba. Mimi nikapakua sombe, lakini kichwani nilikuwa nimeanza kutafuta.

Shule niliacha mwaka wa tatu. Majina lakini sisahau. Ninayo ya watu wote niliouza nao mboga sokoni, ya watoto wao, ya waliowaoa, na ya mbwa wao kama mbwa alikuwa na jina. Kwenye karatasi hii mjukuu amenikataza kuandika hata moja, ati watu wataniletea maneno. Sawa, nimetii. Ila mujue ninayo.

Basi nikawa nachagua maharagwe huku napita mtaa kwa mtaa. Nikaanza Majengo, nikachukua kila aliyehama, nikamfuata mpaka alipoishia. Nikapita Katindo, wake za askari, wale wanahamishwa kila siku, wakanichelewesha sana. Siku ya tatu, ungo wa nne wa maharagwe, nikampata. Mama aliyeuza mboga kando yangu alikuwa na binti. Binti alibatizwa siku moja na mutoto wangu wa tatu, maji yakamwingia puani, akamuma padri kidole. Aliolewa na mwenye kuuza vitenge, wakaenda Bujumbura, na kutoka Bujumbura walielekea pwani. Mama yake ni marehemu, lakini mama mdogo wake anakaa Munigi.

Nilipanda moto, ile pikipiki ya abiria, nikaenda Munigi, sikuaga mutu.

"Ule wa kumuma padri?" mama mdogo akapiga makofi. "Wee! Iko Zanzibar! Na duka iko nayo! Keti, nakupigia sasa hivi."

Uso ukatokea kwenye telefone, mwanamke mnene, kilemba cha njano. Nikataja jina langu. Nikataja la mama yake. Nikataja la mbuzi wao aliyekula katekisimu. Akapiga kelele mpaka kuku wa Munigi wakatawanyika.

"Mama yangu! Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna, mutoto yangu. Tunakuja kutembea tu."

Hata yeye, na kuishi kisiwani miaka yote hiyo, hakuelewa. Lakini furaha ikamshinda. Nikamuuliza kama anakumbuka jina ya baba ya muzee wangu. Akalitaja bila kusita, na jina la utani pia, lile ambalo halisemwi mbele ya watoto.

Nilirudi Majengo nimeshinda. Ushindi huo ulidumu saa moja tu.

Jioni ile ile yule binti alipiga telefone yeye mwenyewe, na muzee akapokea kwa sauti yake ya telefone, ambayo ni ya kuvusha maneno ng'ambo ya ziwa.

"Papa, munafikia kwangu!"

"Watoto wametafuta otele, binti yangu."

"Otele? Papa, unataka kunitukana? Mama alale otele na mimi niko muzima? Mama atalala na mimi na binti zangu, chumba cha ndani. Wewe utalala na baba mkwe wangu, chumba cha mbele. Muzee muzuri sana, kama wewe, anapenda kuongea juu ya mbao."

Muzee akang'aa. Sijawahi kumwona amependa safari hivyo. Yule binti akaongeza kwamba Wakongomani wa pale wako wengi, atawaita wote, kutakuwa na misa ya shukrani, na kila siku tutapokelewa katika nyumba nyingine ili asinune mutu. Tuwaletee tu kidogo cha nyumbani. Fromaji tatu, zile jibini za Masisi, na sambaza kavu, wale dagaa wa ziwa letu, na maharagwe, na unga wa mtama.

Mjukuu alipopata habari alikaa chini, programu mkononi.

"Koko, umefanya nini? Hii ni safari ya wapenzi! Safari ya wapenzi haina mutu wa kukupokea. Siri yake njo hiyo!"

"Mbona hukusema mapema?" nikauliza.

"Koko, hiyo mutu anasemaka?"

Akachukua kalamu, akafuta kutembea mkono kwa mkono, akafuta kukandwa. Alipofika kwenye meza ya watu wawili akanitazama, na mimi nikatazama ungo. Akafuta.

Muzee lakini alikwenda kununua kofia. Akapiga msasa kiti kidogo cha kumpelekea yule muzee wa mbao. Wageni walipoingia aliwaambia, "Tunaenda Zanzibar, kwa binti yetu," na mimi nikipita na chai nilitaka kumwaga chai. Kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa kichwa changu kinachosifiwa, nilikuwa nimetoka kwenye nyumba yenye watu tisa kwenda kulala kisiwani na watu kumi na wawili.

Ilibaki karata ya manjano ya chanjo. Tulienda asubuhi, tukachomwa, wakatuambia tungoje kwenye benchi wapige muhuri. Benchi refu, watu wengi, lakini wote wa mitaa mingine. Nilitazama upande huu na huu: hata jina moja sikujua. Hilo halijanifikia tangu nizaliwe. Muzee alikuwa kando yangu ameshika mkono wake kama mutoto.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Unauma. Wako?"

"Wangu pia."

Tukakaa. Na nikaona kwamba ameniambia neno ambalo si chumvi.

"Muzee," nikasema, natazama ukuta, "ile kisiwa niliitaka ju ya kuwa kule hakuna mutu."

Akageuka. "Hakuna mutu namna gani? Si umempata?"

"Nilimpata ju ya kuwa wewe ulikataa! Ulisema mutu mumoja. Mimi nilitaka… ile meza."

"Meza gani?"

"Ya watu wawili."

Akanitazama kama anapima ubao. Nikafikiri ameanza kuhesabu misumari, nimeharibu, sasa ataniuliza kama niko mgonjwa.

"Makumi tano," akasema mwishowe, "na unanielezea kwenye chanjo."

"Nyumbani ningekuelezea saa ngapi? Kuna fasi?"

Akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega, bila sauti, mpaka mama mmoja kwenye benchi akamwita muuguzi akidhani dawa imempanda. Hata mimi nikacheka. Wakatupigia muhuri haraka ili tuondoke.

Nyumbani muzee alimwita mjukuu uani, akamuuliza kama otele imefutwa. Mjukuu akasema bado, alikuwa hana nguvu ya kuifuta. Na biye ni ya siku gani? Kutoka Kigali, Jumatatu. Muzee akachukua telefone.

Huyu mutu hajui uongo. Sanduku likipasuka anamwambia mwenye kufiwa, "Limepasuka, ngoja nipige lingine." Alisimama katikati ya ua, kofia mpya kichwani, jasho linamtoka, akapiga kelele:

"Binti yangu! Tunafika Alhamisi!"

"Papa, si mulisema Jumatatu?"

"Alhamisi!"

"Ndege imebadilika?"

Muzee akamtazama mjukuu. Mjukuu akatazama mawingu. Mimi nikaweka mkono mdomoni.

"Alhamisi, binti yangu, Alhamisi," akarudia, maana uongo mwingine hakuwa nao.

"Basi vizuri! Alhamisi nitakuja na watu wote kuwapokea uwanja wa ndege, na nyimbo!"

Akakata. Akafuta uso.

"Sasa itakuwaje?" mjukuu akauliza. "Wanakuja uwanjani!"

"Alhamisi asubuhi tunachukua taksi, tunarudi uwanjani, tunatoka mulangoni na valisi kama ndege imeshuka sasa."

"Koko, mbele ya watu wa nyimbo?"

"Na koko yako huyu atajifanya amechoka. Anajua."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina siri ya watu watatu. Mjukuu ameandika upya programu, siku tatu za sisi wawili tu. Kukandwa muzee amekataa kabisa, mkono kwa mkono amesema ataangalia kama barabara ni mbaya. Meza amekubali, lakini ameomba wapunguze mishumaa, ataonekana kama anakesha maiti.

Jumamosi tulifunga valisi. Niliweka sambaza, maharagwe, unga, nikapanga fromaji tatu kwenye kitenge. Muzee akaingia na ya nne.

"Hiyo ya nani?" nikauliza. "Alisema tatu."

"Zile tatu ni za wenyewe. Hii haina mwenyewe."

"Basi tumpelekee nani?"

"Mama," akasema, na nilingoja chumvi, "hii tutakula sisi."

Akachukua kisu chake kidogo cha kazi, akakifunga kwa kitambaa, akakiingiza chini kabisa, katikati ya mashati. Nilisimama pale nikingoja alete cha pili. Akafunga valisi: kisu kimoja, cha watu wawili.