Vijiti Vikavu Kando ya Reli

Mume wangu Fanuel ni mkulima hodari. Muulize yeye mwenyewe. Usiku anaendesha basi la abiria, mchana analima kwa mdomo: mrenda na kunde hustawi mezani pangu kabla chai haijapoa. Ndugu zake walipouza shamba la baba yao kule Bungoma bila hata kumpigia simu, alipanga foleni miaka mingi kupata kishamba cha kukodi cha halmashauri ya mji hapa ughaibuni, Edmonton, kando ya reli. Akakipata, akakipiga picha, akaituma kwenye grupu la familia. Kazi ikaishia hapo.

Februari ilipokaribia kuisha, Varsha, mwenyekiti wa wakulima, alimwambia waziwazi: Jumamosi saa tisa napita, nikikuta hujalima nampa mwingine. Siku hiyo Fanuel hakula. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana hicho ndicho kipande pekee cha udongo alichobakiwa nacho duniani.

Basi akaomba msaada kwa wanaume wa kanisa. Jumamosi asubuhi alikuwa bado barabarani na basi lake, kwa hiyo Jeff, kiongozi wao, aliwapeleka. "Ni lile la mwisho kando ya reli," Fanuel alikuwa amemwambia kwenye simu.

Pale mwisho kuna mashamba mawili. Moja lilikuwa kijani kibichi. Lingine lilikuwa vijiti vikavu visivyo na jani hata moja. Mabingwa wetu, wote wazaliwa wa mashambani, wakaona hakuna haja ya kuuliza. Nani asiyejua shamba lililotelekezwa?

Nilipofika na chupa ya chai na mandazi, kila kijiti kilikuwa kimeng'olewa na udongo umegeuzwa vizuri mno.

"Mama Shiku," Jeff akasema huku akijifuta jasho, "mzee wako alikuwa ameachilia hii shamba vibaya. Ona jirani yake alivyo na bidii!"

Jirani mwenye bidii alikuwa mume wangu. Ule ukijani ulikuwa nyasi na miiba. Vijiti vilikuwa mimea ya matunda ya rasiberi ya jirani yetu mzee Gurmit, aliyoipanda na marehemu mkewe, na ambayo kila majira ya baridi hupukutisha majani na kungoja joto.

Fanuel akafika na sare yake ya kazi. Akatazama, akaketi kwenye matope.

"Limeni letu kwanza!" nikawaambia. "Saa tisa bado. Gurmit tutamwomba msamaha baadaye."

"Mizizi ikipigwa na huu upepo itakufa," Fanuel akasema.

"Na shamba letu?"

"Mimi nilifanyiwa hivi Bungoma, Mama Shiku. Sitamfanyia mtu."

Nilikasirika kweli. Nilimwita mjinga mbele ya wazee wa kanisa, na hakuna aliyenipinga. Yeye akapiga magoti, akaanza kurudisha vijiti kimoja kimoja. Jeff na wenzake wakamfuata, vichwa chini kama watoto waliovunja sahani.

Varsha alifika saa tisa kamili, jambo ambalo basi la mume wangu halijawahi kufanya. Akaitazama miiba yetu. "Pole sana, Fanuel," akasema, kwa ule upole wa mtu asiyejutia chochote. "Kinaenda kwa mwingine."

Fanuel akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufukia mizizi.

Gurmit alikuwa amesimama njiani na fimbo yake, sijui tangu lini. Nikajiandaa kwa matusi, na kwa kweli tulistahili. Akapita katikati yetu bila salamu mpaka mwisho wa shamba lake, mahali ambapo hapakuwa na vijiti, akapiga fimbo kwenye udongo uliogeuzwa.

"Kipande hiki ni chako," akamwambia Fanuel. "Ila ukilima, lima peke yako."

Fanuel alilia, mbele ya Jeff na wote. Niliweka mandazi chini, nikapanda vijiti vilivyobaki, maana macho yake hayakuwa yanaona kitu.