Upana wa Gunia na Kikapu

Siku ile tulikuwa sita kando ya barabara ya Mumias, pale inapoingia mjini Kakamega: msimamizi wa kazi ya barabara, vibarua wake wawili, jirani yetu tuliyemwita kukhu kama tunavyowaita nyanya zetu, dada yangu anayenifuata, na mimi.

Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa wote wawili. Niliacha shule kidato cha kwanza, nikabeba watu na mizigo kwa baiskeli ili wadogo zangu wasome. Dada alikuwa darasa la nane. Kwenda shule alipita ukingoni mwa lami, na muhula uliotangulia trela la miwa lilimkwangua bega likamtupa mtaroni. Tangu hapo sikutulia kazini mpaka nimwone jioni.

Niliposikia kwamba barabara itatengewa njia ya watu wa miguu na baiskeli, nilifurahi. Jumamosi hiyo, mimi na dada tukipeleka mzigo sokoni, tulikuta vigingi vimekwisha kupigwa. Nikaona njia ni nyembamba, nikasema.

"Ramani imesema inatosha," kibarua mmoja akanijibu. "Ama wewe ni injinia wa baiskeli?"

Msimamizi hakucheka. "Ingia na mzigo wako, kijana. Tuone."

Gunia la mahindi lilikuwa limelazwa nyuma ya kiti, limetokeza pande zote mbili. Nikaingia kati ya vigingi nikisukuma. Dada akaja kutoka upande wa pili na kikapu cha ndizi kichwani. Tulipokutana, ilibidi ateremke kwenye lami. Lori likapiga honi, akaruka kurudi, ndizi zikamwagika.

Msimamizi akaziokota, akazirudisha kikapuni, kisha akajitwika mwenyewe.

"Mkubwa, fungu ni ngapi?" kibarua akamtania.

Akanijia akiyumba, shingo imekakamaa, naye akaishia kwenye lami. Alitua kikapu, akapiga magoti vumbini, akaanza kung'oa vigingi kwa mikono yake. Wakubwa waliokosea nimewaona wengi. Huyo ndiye wa kwanza niliyemwona akilirekebisha kosa lake mbele ya watu.

Upana mpya, alioupima kwa kamba, ulizidi kwa hatua moja nzima, ukaingia shambani kwa kukhu. Hapo palisimama miti kumi na mmoja ya lusiola, miti ya mpaka iliyopandwa na marehemu mume wake.

"Hiyo kamba yako inapimanga barabara ama inapimanga ugali wangu?" kukhu akauliza.

"Mama, sina pesa ya fidia, na siwezi kukulazimisha," msimamizi akasema. "Ukikataa, nitarudisha vigingi pale pale."

Nilitaka kumsihi kukhu, nikashindwa. Shamba lilikuwa lake, na hakuwa na lingine. Yeye alikuwa akimtazama dada, ambaye bado alikuwa akizifuta ndizi vumbi kwa kanga.

"Wewe, hilo bega linaumanga bado?"

"Likipata baridi, kukhu."

Alikwenda kwenye mti wa kwanza, akaweka kiganja kwenye gome. "Mzee wangu alikuwa mkali juu ya mpaka. Nikifika kwake atanigombeza mimi, si nyinyi. Kateni."

Nikamwambia nitampandia mingine kwenye mpaka mpya, mti kwa mti.

"Wewe? Hata kuku wako wanalalanga kwangu," akasema, akaenda kuleta panga.

Njia ilipokwisha, nilisimama na baiskeli yangu asubuhi ya kwanza nikamtazama dada akienda shule. Alipishana na mama mwenye mzigo wa kuni, kisha na mwanamume aliyefunga kreti za soda nyuma ya baiskeli. Hakuna aliyekanyaga lami.

Miche niliipanda msimu ule ule. Mingine ililiwa na ng'ombe, mingine ikakaushwa na kiangazi, nikapanda tena. Kukhu akipita huigusa mmoja mmoja kwa fimbo yake. Saba imeshika. Nadaiwa minne.