Vipande vya Bua kwenye Vidole vya Mama

Harufu ya maganda ya karanga yaliyonyunyiziwa maji hunirudisha Kongwa, kwenye mavuno ya mwaka nilipokuwa darasa la tatu. Upepo wa kipupwe ulitupiga vumbi machoni, nami na mama tulikaa uani tukimenya karanga kwa mikono. Kila alipobana ganda, kiungo cha kidole chake kilibonyea na kupinda kinyumenyume. Vyangu navyo vilikuwa hivyohivyo. Nyumbani hakuna aliyeona kuwa huo ni ugonjwa. Shangazi alituita mbele ya wageni tuvipinde, kisha akajisifu, “Vidole laini hivi ni vya ngoma!” Kwetu ngoma kubwa hubanwa mapajani na wanawake, na kanisa zima lilimsubiri mama aanze kupiga. Sifa zile hadi leo zinaniudhi.

Mwaka huo maumivu yalimzidi. Alipasua bua kavu la mtama, akakiwekea kila kidole kipande chake kwa chini na kukifunga kwa utepe wa kitenge, kisirudi nyuma. Vipande hivyo vilimsaidia mno, maana aliweza kumaliza beseni zima bila kuguna. Ila akisikia tu hodi, alivifungua haraka na kuvificha chini ya maganda.

“Wataniona kilema,” aliniambia. “Na shangazi yako asijue.”

Siku ya sikukuu ya mavuno alivivua vyote, akapiga ngoma tangu ibada ilipoisha hadi jua lilipopoa. Watu walishangilia. Mimi nilitazama vidole tu, nikaogopa. Kesho yake alishindwa kunifunga vifungo vya shati la shule, na ngoma hakuishika tena.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Nkuhungu, na hospitali wamenipa vipete vya plastiki vinavyokizuia kidole kupinda nyuma, kazi ileile ya bua. Navivaa ofisini mchana kweupe, wala hakuna anayeuliza. Mwezi uliopita nilimpelekea mama kimoja, nikiwa na matumaini ya kitoto kabisa.

“Shikamoo, mama. Jaribu hiki.”

“Marahaba, mwanangu. Lete.”

Kipete kilikwama kwenye kiungo kilichovimba. Vidole vyake vimeshakakamaa vikiwa vimepinda, havinyooki tena. Tulikitoa kwa sabuni. Alikigeuzageuza kiganjani, akanirudishia.

“Lile bua lilikuwa linanitosha,” alisema. “Nililivua mwenyewe.”

Nilikivaa tena kipete changu, nikamfunga vifungo vya sweta.