Debe la Bonaventure

Ukimkuta Bonaventure kwenye kanisa lao kule Mount Dennis, mtaa wa Toronto, utaona baba mpole anayesinzia mahubiri yakipamba moto. Usimdhanie mvivu. Kazi yake ni kutega nguruwe mwitu, na nguruwe hawana habari na Jumapili.

Safari hii walikuwa wamevamia shamba la Dilawar, mzee wa Kiismailia aliyezaliwa Morogoro. Lipo upande wa mashariki, Toronto inapoishia. Mzee aliuza maduka yake ili alime maboga na mahindi meupe ya kuwauzia Waafrika wenzake. Maboga yalishaliwa yote. Akaapa kwamba nguruwe wakimaliza na mahindi, shamba analiuza.

Bonaventure alijenga boma la waya, akamwaga punje za mahindi ndani, akaacha lango wazi. Siku zikapita.

"Bwana Bona, nimekuita uwakamate, wewe unawalisha!" Dilawar alifoka.

"Vumilia, Papa. Tunangoja waingie wote. Wakiponyoka wakati huu, mtego watakuwa wameujua, hawataukaribia tena."

Jioni moja, Bonaventure akiwa garini anatazama kamera kwenye simu, kundi likaingia lote isipokuwa jike mmoja mkubwa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuangusha lango. Ngoja, alijiambia, ngoja. Jike akanusa lango, akalipa kisogo, akajitoma kwenye mahindi. Bua la kwanza likavunjika.

Sasa, mtu huyu alikulia Fizi, kule Kongo, kwenye kibanda cha kulinda mihogo. Nguruwe wakipita, nyumbani watu wanalala njaa. Mlio wa lile bua ulimfikia kabla ya akili. Alipozinduka alikuwa nje ya gari, ameshika debe lililokuwa na punje za mtego, analipiga kwa spana huku akipiga mayowe kama alivyofanya utotoni. Simu ilibaki kitini. Nguruwe wakatoka kwa lango lile lile waliloingilia, wakatokomea msituni.

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dilawar akaja mbio na sufuria ya mkewe Shenaz, naye anaigonga kwa mwiko, anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Umewafukuza! Hivi ndivyo tulivyofanya kwetu, Bwana Bona! Nilikuwa naona haya tu kukwambia." Akamkumbatia kwa nguvu.

Bonaventure alishindwa hata kuinua mikono.

"Papa, nimeharibu," alisema. "Watarudi kwenye mahindi. Bomani ndimo hawataingia tena."

Mzee aligonga sufuria mara moja zaidi, taratibu, kisha akaiweka chini. Alilitazama lango, akayatazama mahindi yake yaliyokuwa yameanza kukomaa.

"Basi kesho njoo na watu wa kanisa lako," alisema. "Leteni magunia. Afadhali yaliwe na watu."