Umeme Uliopita Chini ya Pazia

Saa tisa alasiri, Ukunda. Chande Mwero amekaa nyuma ya mixa yake, mashine ya kuongozea sauti, upande wa wanaume, jasho linamtiririka. Mita thelathini mbele yake kuna pazia, na nyuma ya pazia hilo, kwa wanawake, asikoweza kutia mguu, Bi Zainabu anajitayarisha kumwimbia bibi harusi kaswida.

"Leo sauti ikikatika tena, basi. Nitafute kazi nyingine," anasema fundi huyo wa sauti, mwenye miaka 43.

Ana sababu ya kuogopa. Sauti ya Bi Zainabu ni ndogo, ya mtu mzima, na ikipita kwenye waya mrefu hufika imefifia. Kwa hivyo karibu na maikrofoni Chande huweka kikopo chenye kikuza sauti. Mwezi uliopita betri ya kikopo ilikufa katikati ya harusi. Angeingiaje kwa wanawake kuibadilisha? Kaswida iliishia hapo hapo, na tangu siku hiyo wateja watatu wamemkimbia.

Safari hii ameunda kikopo kisichohitaji betri. Umeme wake, volti 48, unatoka kwenye mixa na kupita waya ule ule unaoleta sauti. Mkewe, Mishi, ndiye aliyelehemu sehemu nyingi, maana macho ya Chande yamechoka.

Anabonyeza kitufe. Kimya. Spika hazitoi hata mkoromo.

"Yaa Rabbi!" Wazee wanageuka kumtazama. Simu yake inalia. Ni Mishi, aliyealikwa harusini na ameketi huko ndani kwa wanawake.

"Baba Warda, taa ya kikopo haijawaka. Zima umeme, nifungue plagi."

"Wewe? Ufungue?"

"Zima, bwana!"

Anazima. Dakika mbili zinapita, kwake ni kama siku nzima.

"Waya mmoja ulichomoka, nimeurudisha," Mishi anasema. "Haya, washa."

Sauti ya Bi Zainabu inasikika kutoka nyuma ya pazia, ndogo lakini safi, na vigelegele vinaifuata. Chande anafuta machozi mbele ya watu wote.

"Mwezi mzima nahangaika kupeleka umeme kule, kumbe fundi ninaye nyumbani!" anasema. Harusi ijayo ni Msambweni, na anataka Mishi ashike upande wa wanawake.

Baadaye, nilipompigia simu Mishi kwa ajili ya habari hii, alicheka kwanza.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini mwambie kile kibao cha duka letu, chenye jina lake peke yake, akiandike upya, na jina langu liwe juu ya lake."