Ukuta Kati ya Zamzam na Ramzi

Mimi sijifanyi mtakatifu. Siku Ramzi alipoaibika, mimi Kavutha nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nikikumbuka nacheka tena.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nashona vifungo kwa Zamzam, fundi wa magauni ya harusi hapa Machakos mjini. Yeye na mdogo wake Ramzi waliachiwa nyumba na baba yao, wakaigawa katikati kwa ukuta mmoja. Upande wetu wa ukuta huo ndiko tulikotundika magauni yaliyokwisha. Zamzam alikuwa mjane, hana shamba wala duka. Chumba kile ndicho kilichomlisha.

Basi Ramzi akajenga bafu upande wake. Mwanawe Farhan alikuwa amepata mchumba, wakwe wanatarajiwa, na bwana mkubwa anataka vigae vya kung'aa upesi upesi. Fundi Wambua alimweleza kwamba plasta lazima ikauke kwanza, ukuta upakwe dawa ya kuzuia maji mara mbili tatu, pembe zitiwe wavu, ndipo vigae vifuate. Ramzi akasema hana muda huo, na kwani nani huoga nyuma ya vigae? Vikabandikwa juu ya plasta mbichi.

Maji hayana adabu, yalikuja kwetu. Kwanza ilikuwa harufu, kisha rangi ikavimba na kubanduka. Zamzam alimwendea Ramzi kwa upole kabisa, akarudi mikono mitupu. Tukasogeza magauni, lakini chumba ni kidogo, utayapeleka wapi? Asubuhi moja tukashusha gauni la Mbula wa Mitaboni, aliyekuwa anafunga ndoa wiki hiyo hiyo, tukakuta mgongo wote umejaa madoa meusi ya ukungu. Tulisugua na ndimu, wapi! Mbula alilia, mama yake akatutukana mlangoni mpaka watu wakakusanyika, na kufikia jioni soko zima lilikuwa na habari. Wateja wakaanza kutupita kama hawatujui.

Zamzam alilibeba gauni lile akampelekea ndugu yake, nami nikamfuata. Tulimkuta Ramzi anakunywa chai, na hata kikombe hakukiweka chini.

"Hilo ni jasho la ukuta tu, dada," alisema. "Fungua dirisha."

Aka! Mtu uliyembeba mgongoni akiwa mtoto! Mimi ningemmwagia ile chai. Zamzam alikunja gauni polepole, akaaga, akatoka.

Kesho yake alimwita Wambua. Alimwambia abandue plasta yote ya upande wetu, aanze upya, apake dawa tabaka juu ya tabaka na kila moja ikauke kwanza, hata kama itabidi tushonee uani. Wambua alikuna kichwa. Alisema ugonjwa uko kule bafuni, na maji yakikosa pa kutokea huku yatabaki kule kule kwa Ramzi.

"Ndiyo maana nimekuita," Zamzam akamjibu.

Tulishonea uani, jua likatuchoma, na sikumsikia akilalamika hata mara moja. Ukuta wetu ukakauka kabisa. Sisi tukangoja.

Wakwe walifika kutoka Kitui. Wakati wa adhuhuri, mama wa mchumba, Bi Firdaus, aliingia bafuni kutawadha. Tukasikia kishindo. Safu nzima ya vigae ilikuwa imeanguka pamoja na plasta iliyogeuka uji, na yule mama akatoka ametapakaa tope hadi kiunoni.

Ramzi alikuja mbio mlangoni kwetu, akamsihi dada yake mgeni atawadhe kwetu, wakati wa swala unapita. Zamzam akasema mgeni hana kosa, apite. Njia fupi ilikuwa ya uani, lakini yeye akampitisha chumba cha kushonea. Gauni la Mbula lilikuwa limetundikwa pale pale kwenye ukuta mkavu, mgongo ukiwatazama watu.

Bi Firdaus alisimama. Aliuliza gauni zuri hivyo lilipatwa na nini.

"Mwulize mdogo wangu," Zamzam akasema. "Yeye ndiye aliyenieleza."

Ramzi akatazama gauni, akatazama wakwe waliokwisha kujaa mlangoni nyuma yake.

Zamzam akaenda akafungua dirisha.