Friji ya Baba na Nyama ya Mama Naserian

Sisi tuliokulia Kitengela miaka ya tisini tunajua vile stima iliheshimiwa. Ilipoingia kwenye ploti yetu, tuligombana nani abonyeze swichi. Msimu wa mvua kumbikumbi walizunguka balbu mpaka wengine wakadondoka kwa ugali, na tuliwatoa tukaendelea kula. Watoto wa siku hizi, aah! Hao hudhani taa hujizima.

Baba alikuwa karani wa kiwanda, mtu wa Kakamega, na neno lake halikurudi nyuma. Alinunua friji kuukuu kwa jamaa aliyekuwa akihama, na tangu siku hiyo akaishuku. "Kitu kinachonguruma mchana na usiku lazima kinakula sana," alipenda kusema, na kila tulipotoka nyumbani aliichomoa ukutani. Lakini koili ya kuchemshia maji ya kuoga aliiacha ndani ya ndoo kila asubuhi mpaka maji yatokote. Koili ilikuwa kimya, kwa hivyo kwake haikula kitu.

Jirani yetu alikuwa Mama Naserian, Mmaasai, ambaye tulimwamkia kwa kuinamisha vichwa ili aviguse kwa kiganja. Kuna wikendi wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja Jumapili, na ndugu zake wakamletea mbuzi aliyechinjwa huko Kajiado. Alitaka kuikaanga ile nyama na kuihifadhi ndani ya mafuta, kama walivyozoea kwao. Mama yangu akakataa katakata. Friji iko, akamwambia, ya nini kujisumbua? Tulijiona watu wakubwa sana tukibeba zile sufuria kuzipeleka kwetu.

Jumamosi tukaenda kulala kwa shangazi aliyeishi Tuala. Mlangoni, Baba akachomoa friji. Mama akamkumbusha nyama. Baba akasema baridi imeshaingia, itakaa humo humo. Mpira wa mlango wa friji ulikuwa umelegea, na paa letu la mabati lilichoma kweli kweli.

Tuliporudi Jumapili, harufu ndiyo ilitupokea. Maji yalikuwa yametapakaa sakafuni. Kabla Mama hajaweka mkoba chini, Mama Naserian akawa mlangoni na beseni, amevaa shanga zake nzuri za kupokea wageni. Akanusa. Akaangalia plagi iliyokuwa ikining'inia. Sote tukaangalia chini.

"Kwetu hatuna friji," Mama Naserian akasema polepole, "na nyama ya wageni haijawahi kutuozea."

Baba alikimbia bucha akarudi na mifupa iliyobaki, na wakwe wakanywa mchuzi. Ile aibu inanichoma mpaka leo. Na jioni nilipomwinamishia Mama Naserian kichwa, alinigusa vile vile kama kawaida, nikatamani angenichapa.

Siku hizi stima hulipiwa kabla kwa tokeni, na wanangu huoga maji ya moto mpaka mita inalia kwamba zinaisha. Nimewaeleza kwamba kinachopasha moto ndicho kinachokula, na friji ikishapoa hupumzika kidogo. Hunicheka, kisha huingia tena bafuni. Mama Naserian hatunaye tena. Baba amezeeka, na akija kututembelea hunguruma kuhusu taa kuliko friji yoyote.

Jumapili iliyopita, tukitoka kwenda kanisani, alibaki nyuma jikoni. Nikaona mkono wake ukienda kwa plagi ya friji. Ukasimama hapo kidogo. Halafu akautia mfukoni, akapita mlangoni bila kuniangalia.